UMBALI NA MUDA: DAR ES SALAAM HADI DODOMA, KWA HESABU YA GULWE

Ukimwuliza mtu wa Gulwe, Dodoma ni mbali kiasi gani, aghalabu hatakujibu kwa kilometa. Atakwambia, "Ukiondoka alfajiri, utafika kabla ya adhuhuri." Mwulize dereva wa basi aliyepo Dar es Salaam, atakutajia saa na mahali pa kulia chakula. Mwulize rubani, atasema ni kupanda na kushuka tu. Watu hawa watatu hawapingani. Kila mmoja anapima kitu halisi, ila kila mmoja ana kipimo chake.

Kwa mtu wa sayansi, umbali na muda ni vitu viwili vilivyo mbali kabisa. Umbali kati ya miji miwili hauwezi kubadilishwa na amri wala bajeti. Muda wa kuuvuka hubadilika kwa chombo, kwa njia, kwa majira ya mvua, na hata kwa idadi ya mara msafiri anazosimama. Katika makala haya tutachukua miji miwili ambayo safari zake zinawahusu Watanzania wengi, yaani Dar es Salaam na Dodoma, tuipime kwa anga, kwa barabara na kwa reli. Kisha tutauliza swali ambalo wapimaji husahau: hesabu hii inasema nini juu ya watu wanaokaa katikati ya njia? Kwa ajili hiyo tutasimama mara kwa mara Gulwe, kituo cha reli katika Wilaya ya Mpwapwa, ambacho kwa zaidi ya miaka mia moja kimezitazama safari za watu wengine zikipita.

Umbali wa namna tatu

Tuanze na mstari ulionyooka. Dunia ni tufe, kwa hiyo njia fupi kuliko zote kati ya mahali pawili juu yake ni sehemu ya duara kubwa ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam kipo karibu na longitudo 39.2 Mashariki na latitudo 6.9 Kusini, cha Dodoma kipo karibu na longitudo 35.75 Mashariki na latitudo 6.2 Kusini. Nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilometa 111. Nyuzi moja ya longitudo huku kwetu, karibu na Ikweta, ni pungufu kidogo tu ya hapo. Msomaji anayekumbuka kanuni ya Pythagoras anaweza kufanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi: kutoka mashariki kwenda magharibi ni kilometa 381, kutoka kusini kwenda kaskazini ni kilometa 79, na mstari wa mshazari unaoviunganisha ni takriban kilometa 390.

Umbali wa pili ni wa barabara. Kutoka Dar es Salaam kupitia Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo na Kibaigwa hadi Dodoma ni takriban kilometa 450. Umbali wa tatu ni wa reli ya zamani, ambayo hupita Morogoro, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu. Nao ni takriban kilometa 456.

Tukigawanya umbali wa barabara kwa ule wa mstari ulionyooka tunapata 1.15. Maana yake ni kwamba kwa kila kilometa 100 za ndege, gari hulazimika kwenda kilometa 115. Hiyo ni njia iliyonyooka kuliko inavyodhaniwa na wengi. Lakini ukiuchora mstari wa ndege juu ya ramani utaona jambo la ajabu. Mstari huo unapita karibu kabisa na mji wa Mpwapwa, umbali mdogo tu kaskazini mwa Gulwe. Reli nayo inapita Gulwe penyewe. Barabara kuu peke yake ndiyo inayoikwepa sehemu hii na kuzunguka upande wa kaskazini. Kwa hiyo Gulwe, ambayo wasafiri wengi wa basi hawajawahi kuiona, ipo karibu na njia fupi kuliko zote kati ya miji hiyo miwili.

Safari ya jua

Kabla hatujavitazama vyombo vilivyotengenezwa na binadamu, tukitazame kile ambacho hakihitaji barabara. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi moja kwa kila dakika nne. Kati ya jiji la Dar es Salaam na Dodoma pana tofauti ya nyuzi tatu na nusu. Kwa hiyo jua likiwa juu kabisa Dar es Salaam, Dodoma husubiri dakika 14 ili kuliona mahali pale pale. Na Gulwe hulipata kama dakika 11 na nusu baada ya Dar es Salaam.

Zamani jambo hili halikumsumbua mtu. Kila mji ulikuwa na adhuhuri yake, na saa zetu za Kiswahili, zinazohesabiwa tangu macheo, zilifuata jua la mahali penyewe. Ni reli iliyoleta haja ya saa moja kwa njia nzima; kwa maana treni mbili zinazotumia njia moja ya chuma, kila moja ikifuata jua la mahali ilipotoka, hatimaye zitakutana pasipotakiwa. Leo Tanzania nzima hutumia saa ya longitudo 45 Mashariki, mstari ambao haugusi nchi yetu popote. Ndiyo sababu saa ya ukutani mjini Dodoma husema saa 6 kamili mchana hali jua lenyewe bado lina zaidi ya nusu saa kabla ya kufika juu.

Siku 134

Njia ya kupitia Ugogo ni ya kale kuliko reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo na pwani jirani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ambapo wapagazi walipumzika na kujaza vibuyu vyao kabla ya kuivuka Marenga Mkali, nyika isiyokuwa na maji mazuri iliyoitenga Mpwapwa na vijiji vya Ugogo. Ili kuivuka, misafara ilifanya terekeza: iliondoka mchana, ikalala porini bila maji, na asubuhi yake ikaendelea mpaka kwenye visima.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni, 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Ilikuwa safari ya siku 134. Mstari ulionyooka kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni karibu kilometa 690. Tukigawanya, tunapata wastani wa kilometa tano kwa siku. Mpagazi mwenye mzigo kichwani aliweza kwenda zaidi ya kilometa 15 katika asubuhi moja. Je, kilometa zilizobaki zilikwenda wapi? Ziliishia katika kuzunguka milima, na zaidi ya hapo katika kusimama: kuuguza wagonjwa, kununua nafaka, kungojea wapagazi waliotoroka, na kujadiliana na watemi juu ya hongo.

Hapa tunapata kanuni ya kwanza ya somo letu. Muda wa safari ndefu hauamuliwi na kasi ya msafiri anapokwenda tu, bali pia na muda anaopoteza asipokwenda. Kanuni hiyo ilikuwa kweli mwaka 1857, na kama tutakavyoona, ni kweli hata kwa ndege.

Kwa nini reli ilipita Gulwe

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Wahandisi wa Kijerumani walikuta mbele yao ukuta wa milima ya Rubeho na Ukaguru, ambao hutenganisha nchi ya chini ya Kilosa na uwanda wa juu wa kati. Kilosa ipo takriban meta 500 juu ya usawa wa bahari; Dodoma ni zaidi ya meta 1,100.

Mtu hupanda kilima kwa miguu, na lori hupanda kwa gia ndogo. Lakini treni ina udhaifu wake. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana. Juu ya njia ya tambarare, kani ya kilo mbili au tatu hivi hutosha kuivuta tani moja, ndiyo maana reli hubeba mizigo mikubwa kwa nishati kidogo. Lakini njia ikiinuka meta moja tu katika kila meta 100, mvuto wa dunia huongeza kilo nyingine 10 kwa kila tani. Mwinuko ambao jicho halikuuona umekwisha kuuzidisha mzigo mara nne au tano. Kwa sababu hiyo mhandisi wa reli hutafuta bonde la mto, maana mto umekwisha kumtafutia njia yenye mteremko wa polepole. Bonde lililopatikana hapa ni la Mto Mkondoa, ambao sehemu yake ya juu huitwa Kinyasungwe. Ukilifuata kutoka Kilosa kuelekea Dodoma, hukufikisha Gulwe. Hivyo Gulwe ikawa kituo, na mlango wa reli kwa watu wa Mpwapwa.

Kutoka Gulwe, reli huendelea kupanda kupitia Msagali na Igandu. Mvuto wa dunia hausahau hata meta moja ya kupanda. Kila tani inayotoka pwani hadi Dodoma huhitaji nishati ya karibu kilowati-saa tatu kwa kuinuliwa peke yake, mbali na msuguano. Nishati hiyo haipotei. Huwekwa katika treni kama akiba, na breki zikishindwa hurudishwa kwa ukatili. Tarehe 24 Juni, 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda sehemu hii ilisimama, ikarudi nyuma ikiteremka bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Zaidi ya watu 280 walipoteza maisha. Anayesema kuhusu kasi ya safari asiache kusema kuhusu breki. Ni somo moja.

Reli mpya ya kiwango cha kimataifa, yenye upana wa milimeta 1,435 badala ya milimeta 1,000 za reli ya zamani, ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai, 2024. Treni zake za umeme zimetengenezewa kasi ya hadi kilometa 160 kwa saa. Kasi hiyo ina bei yake katika umbo la njia. Kani inayotaka kuitupa treni nje ya kona huongezeka kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, kona lazima iwe pana mara nne ili abiria asihisi tofauti. Reli ya zamani iliweza kujipinda pamoja na mto. Reli mpya haiwezi, hivyo palipo na mlima imetobolewa, na palipo na bonde imejengewa daraja. Huo ndio msingi wa mahandaki ya Kilosa. Nayo pia imeiwekea Gulwe kituo.

Udanganyifu wa wastani

Turudi barabarani. Barabara ya lami kati ya Morogoro na Dodoma ilijengwa katika miaka ya 1980, na tangu hapo abiria wengi waliihama reli. Basi haliruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa, na katika vijiji na miji kilometa 50. Msafiri mwenye haraka hugawanya 450 kwa 80, akapata saa 5 na dakika 38, kisha hulalamika akichelewa. Kosa lipo katika hesabu yake, si katika basi.

Tuseme kilometa 150 za njia hii zipo ndani ya vijiji na miji, na 300 zipo nje. Kilometa 150 kwa mwendo wa 50 ni saa 3. Kilometa 300 kwa mwendo wa 80 ni saa 3 na dakika 45. Jumla ni saa 6 na dakika 45. Ongeza dakika 45 za chakula, mizani na kuteremsha abiria, utapata saa 7 na nusu. Tazama vizuri: theluthi moja ya njia imekula karibu nusu ya muda wa mwendo. Sehemu ya polepole siku zote huwa na kura kubwa kuliko urefu wake.

Sasa dereva aamue kuvunja sheria na kwenda kilometa 100 kwa saa nje ya vijiji. Kilometa 300 zitamchukua saa 3 kamili. Ameokoa dakika 45. Lakini umbali anaouhitaji kusimamisha gari baada ya kukanyaga breki hufuata mraba wa kasi. Mraba wa 100 ni 10,000. Mraba wa 80 ni 6,400. Umbali wake wa kusimama umeongezeka zaidi ya nusu. Ng'ombe aliyevuka barabara Pandambili, ambaye dereva wa mwendo wa 80 angemkosa kwa meta chache, huyu atamgonga akiwa bado na kasi kubwa. Faida ni moja ya kumi ya safari. Hasara ni nusu ya usalama. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili ambaye angekubali biashara hiyo.

Ndege na mlango wa nyumba

Ndege ya mapanga yenye injini mbili, ya aina inayotumika sana katika safari fupi, huweza kukata anga kwa zaidi ya kilometa 600 kwa saa. Kwa kilometa 390 tungetegemea safari ya chini ya dakika 40. Lakini ratiba huonyesha kama saa moja, kwa sababu ndege hutembea ardhini, hupanda, hujipanga na kushuka. Na katika safari fupi sehemu hizo ndizo kubwa.

Dodoma inaongeza tatizo lake. Kwa kuwa ipo juu zaidi ya meta 1,100, hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ile ya pwani, na joto la mchana huipunguza uzito zaidi. Bawa hubebwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, ndege lazima ikimbie zaidi kabla ya kuruka. Kwa hiyo mji wa uwanda wa juu huhitaji njia ndefu ya kurukia kuliko mji wa pwani, na njia ndefu huhitaji ardhi kubwa, ambayo hupatikana nje ya mji. Huo ndio mzigo wa viwanja vikubwa popote duniani: kadiri kiwanja kinavyokuwa bora kwa ndege, ndivyo kinavyokuwa mbali na mlango wa abiria.

Kipimo cha haki, basi, ni kutoka mlango hadi mlango. Tufanye makadirio kwa mtu anayetoka nyumbani kwake Dar es Salaam kwenda ofisini Dodoma:

Chombo: njiani, kwenda, kungoja na kufika, jumla
Ndege: saa 1 dakika 5; saa 3; saa 4 dakika 5
Treni ya haraka: saa 3 dakika 30, saa 2, saa 5 dakika 30
Basi: saa 7 dakika 30, saa 1 dakika 30, saa 9

Msomaji anaweza kubadilisha tarakimu hizi kwa hali yake. Anayekaa karibu na stesheni atapunguza, na anayekwama katika msongamano wa magari ataongeza. Lakini maana yake itabaki. Hewani, ndege ni kasi mara saba kuliko basi. Kutoka mlango hadi mlango, ni kasi mara mbili tu na kidogo. Na baina ya ndege na treni tofauti imebaki saa moja na nusu, ambayo foleni moja mbaya ya njia ya kiwanja cha ndege inaweza kuimeza.

Mambo haya yamekwisha kuonekana kwingine. Japani ilipofungua reli yake ya kasi kati ya Tokyo na Osaka, kilometa 515, mwezi Oktoba 1964, safari ilichukua saa 4. Mwaka uliofuata ikawa saa 3 na dakika 10. Ufaransa ilifanya vivyo hivyo kati ya Paris na Lyon mwaka 1981. Mahali pote pawili abiria wengi waliiacha ndege. Masafa yetu ya Dar es Salaam na Dodoma yamo katika upeo huo huo ambapo reli nzuri hushindana na anga.

Dakika tatu na nusu za Gulwe

Hata hivyo, jedwali hilo lina upungufu. Limehesabu watu wa ncha mbili tu. Mtu wa Gulwe hayumo.

Tuchukue treni inayopita Gulwe kwa kasi ya kilometa 160 kwa saa bila kusimama. Ikisimama, itapoteza muda kiasi gani? Tuseme inapunguza na kuongeza mwendo taratibu, kiasi cha nusu meta kwa sekunde katika kila sekunde, ili abiria waliosimama wasianguke. Kupunguza kutaigharimu sekunde 44 zaidi ya ambavyo ingepita tu, na kuongeza sekunde 44 nyingine. Ongeza dakika mbili za kupandisha na kuteremsha. Jumla ni takriban dakika tatu na nusu.

Treni ikiwa na abiria 600, dakika tatu na nusu za kila mmoja ni saa 35 za watu. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kusimama Gulwe, na si haki kuidharau. Sasa tuhesabu upande wa pili. Treni isiposimama, mtu wa Gulwe au Mpwapwa anayekwenda Dar es Salaam atalazimika kusafiri kwanza hadi Dodoma, zaidi ya kilometa 100 za barabara, akielekea upande asikokwenda. Tukikadiria kwamba anapoteza saa mbili na nusu, basi watu 14 wakipanda au kuteremka Gulwe, saa 35 zimekwisha kulipwa. Wakiwa 20, taifa limepata faida.

Watu kumi na wanne! Si umati. Ni mama mmoja na watoto wake wawili, mgonjwa na msindikizaji wake, wanafunzi watano wanaorudi shule, na wachuuzi wanne wenye magunia ya karanga. Ama ile treni ya usiku ya reli ya zamani, iliyosimama kila mahali, ilikuwa na kasoro nyingi, lakini iliweka soko dirishani pa abiria. Kasi inaweza kuleta miji miwili pamoja na wakati huo huo kukisukuma mbali kijiji kilicho katikati, bila kijiji hicho kusogea hata hatua. Kuzuia hilo hakuhitaji huruma; kunahitaji hesabu iliyofanywa kwa ukamilifu.

Mto unaoamua ratiba

Imebaki sehemu moja, nayo pengine ni nzito kuliko zote. Bonde lililowapa wahandisi njia rahisi liliwapa pia adui. Maji ya mvua ya eneo kubwa la mashariki ya Dodoma hukusanyika katika Kinyasungwe na kupita Gulwe kwenda Kilosa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko makubwa yaliharibu reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, sehemu ya kilometa zipatazo 80 tu, na treni za abiria zikashindwa kufika Dar es Salaam kwa miezi kadhaa. Reli ya zaidi ya kilometa 1,200 hadi Kigoma ilikatwa kiunoni. Sehemu hiyo imeharibiwa na mvua mara nyingi kabla na baada ya hapo.

Kwa nini maji yana nguvu hiyo? Uzito wa jiwe ambalo mkondo unaweza kulisukuma huongezeka kwa kasi ya maji iliyozidishwa yenyewe mara sita. Maji yakienda mara mbili ya kawaida, yanaweza kusukuma jiwe lenye uzito mara 64. Kijito kinachochezewa na watoto wakati wa kiangazi, baada ya mvua ya saa mbili huweza kuviringisha majabali. Na kinapotoka vilimani na kuingia bonde la tambarare, kasi hupungua, nguvu hushuka kwa kanuni ile ile, na mchanga wote hutupwa chini. Kitanda cha mto huinuka mwaka hadi mwaka, nafasi chini ya daraja hupungua, mpaka siku moja maji hayapiti tena chini ya reli bali juu yake.

Mchanga huo hautoki mbinguni. Unatoka katika mashamba yaliyolimwa kwa matuta yanayofuata mteremko, katika malisho yaliyokanyagwa hadi vumbi, na katika vilima vilivyokatwa miti kwa mkaa. Kwa hiyo mkulima wa vilima vya Mpwapwa anayelima kwa matuta ya kukinga mteremko, ingawa huenda hatapanda treni maisha yake yote, ni mmoja wa watu wanaoitunza ratiba ya Dar es Salaam na Dodoma. Na kinyume chake ni kweli.

Hapa ndipo hesabu ya wastani hudanganya mara ya pili. Tuseme njia hufungwa siku 5 katika kila 100, na siku hizo msafiri huhitaji saa 12 badala ya tatu na nusu. Wastani wa safari utapanda hadi saa 3 na dakika 55 tu, na mtakwimu atasema hali ni njema. Lakini mwenye miadi ya hospitali hajui siku yake ni ipi. Katika majira ya mvua atalazimika kuondoka siku moja kabla. Kwake yeye safari imekuwa ya siku nzima, hata kama treni imefika kwa wakati. Njia isiyoaminika ni ndefu kuliko urefu wake.

Hitimisho

Tumeona kwamba kati ya Dar es Salaam na Dodoma pana kilometa 390 kwa ndege, karibu 450 kwa barabara, na dakika 14 kwa jua. Tumeona pia kwamba tarakimu hizo, ingawa ni za kweli, hazimwambii msafiri anachotaka kujua. Muda wake huamuliwa na sehemu iliyo polepole kuliko zote, na mahali anapongoja, na uhakika wa njia.

Basi wapangaji wa usafiri wanapojivunia dakika walizookoa kwenye ncha mbili, wapewe maswali matatu ya kujibu. Muda huo umepimwa kutoka mlango hadi mlango? Umepimwa kwa siku ya kiangazi tu, au pia kwa siku ya masika? Na aliye katikati ya njia, naye amehesabiwa? Maswali haya yanaweza kufundishwa katika darasa la hisabati la shule yoyote, kwa ramani, rula na ratiba ya treni. Mwalimu aliye Gulwe au Mpwapwa anayo bahati: wanafunzi wake hawahitaji kubuniwa mifano. Wawahesabu abiria wanaopanda na kuteremka kituoni kwa juma moja, wapime kina cha mchanga chini ya daraja mwanzo na mwisho wa masika, waandike tarakimu zao daftarini, na mwaka unaofuata wapime tena.